Picha Tano Zilizobaki

Masikio ya mbwa ndiyo yaliyoleta balaa yote. Mtoto wa kaka yangu alimpiga baba picha kwa simu, akamwekea masikio ya mbwa na ulimi unaoning'inia, kisha akaituma kwenye kundi la familia. Tulicheka. Na mimi nilicheka, siwezi kukataa. Shida ni kwamba mtoto mwenyewe, kwa ujinga wake, alimpelekea baba simu aione. Baba akaitazama, akairudisha, akaenda zake zizini. Wakati wa chakula akatangaza kwamba simu isielekezwe usoni kwake tena, na atakayethubutu akale huko huko kwenye simu.

Kwa mtu mwingine ningesema atasahau. Kwa baba yangu, hapana. Mzee yule aliwahi kukaa mwaka mzima bila kunywa chai kwa sababu muuza duka mmoja alimuuzia sukari yenye mchanga na hakutaka kuomba radhi. Nyumbani wanasema ukaidi wake wote nimeubeba mimi, wenzangu wakabaki na urefu. Sawa, nimeubeba. Ndiyo maana sikukubali jambo lile liishe hivyo.

Sababu yenyewe ni mazishi ya mama. Mama alifariki ghafla, na tulipotafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza tukakuta hatuna. Zilikuwepo nyingi kwenye simu ya kaka, ile iliyoibiwa stendi. Tukachukua kadi yake ya mpiga kura, tukaikimbiza mjini, wakaikuza mpaka ikawa na ukubwa wa sinia. Macho yakawa madoa mawili. Mdomo haukuwepo kabisa. Mjukuu akaibeba mbele ya jeneza, kanisa zima likasimama, na mimi nilisikia aibu kuliko huzuni. Hilo sijajisamehe mpaka leo. Wiki moja baadaye baba aliniita nyuma ya nyumba, akaniambia neno moja tu: "Mimi msinifanyie vile."

Mwaka huu miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka, akaniita pembeni, akaniambia niwe tayari kwa lolote. Baba akasema daktari ni mtoto mdogo, hajui kitu. Lakini nilijionea mwenyewe: kutoka mlangoni mpaka zizini alikuwa anapumzika mara mbili. Na nilijua picha anayoitaka ni ya mtu aliyesimama. Hakuna mzee wa kwetu, huku chini ya Meru, anayekubali kukumbukwa akiwa ameegemezwa mito kitandani. Nikajiapiza kwamba kabla miguu haijamkatalia kabisa, nitampiga picha ya karatasi ambayo ataikubali kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa simu haiwezekani. Basi kwa kitu gani?

Jibu nililikuta chini ya kitanda cha mgeni. Nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni Olasiti, na asubuhi hiyo mama mmoja wa Kizungu alikuwa ameshaondoka kwenda uwanja wa ndege. Nilipofagia, ufagio ukagonga kitu chepesi: kamera ya kutupa. Ni kiboksi cha plastiki kilichovishwa karatasi ya rangi, mkanda umo ndani tayari. Unapiga, unazungusha gurudumu kwa kidole gumba, unapiga tena, na mkanda ukiisha unapeleka kamera nzima kusafishwa. Mwenzangu akasema nitupe, jina lake si ndilo hilo? Meneja akamwandikia mgeni, na mgeni akajibu kwamba kibaki kwa aliyekiokota. Juu kuna kidirisha kinachohesabu kurudi nyuma. Kilionyesha tano.

Picha tano. Nilikifunga kwenye kitambaa kama yai, na Jumamosi nikapanda nacho nyumbani, juu ya Ngaramtoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Nikamweleza. Alikigeuza geuza, akakinusa, akakitikisa sikioni.

"Picha yake inafutwa?"

"Haifutwi."

"Inaongezwa masikio?"

"Haiongezwi kitu, baba. Kilichoingia ndicho kitakachotoka."

"Hebu nionyeshe uliyopiga."

"Haionekani mpaka ikasafishwe."

Hapo uso ukamlegea. "Basi ni kama ng'ombe mwenye mimba," akasema. "Hiyo naielewa." Nikajua nimeshampata.

Ila baba hakubali kitu bila masharti. La kwanza, avae koti lake la kipaimara cha watoto, lile la kijivu. La pili, asimame bila fimbo. La tatu, mlima uwe nyuma yake, wote, mpaka kileleni. La nne, nipige mimi na si mtu mwingine, kwa sababu wengine wote walicheka. Kumbe hakujua kwamba na mimi nilicheka, na sikuona haja ya kumwambia.

Sharti la mlima ndilo lililonitesa. Ilikuwa miezi ya baridi, na miezi hiyo Meru unaweza kukaa hata wiki nzima umejifunika blanketi. Jumamosi ile hakukuwa na mlima, kulikuwa na ukuta wa mawingu. Nikambembeleza nipige moja tu, ya akiba, akakubali. Nilipobonyeza akanigeuzia mgongo. Akasema alikuwa anaangalia kama mlima umetoka. Nilijua ni uongo mtupu, lakini unambishia nani? Zikabaki nne.

Nikashuka mjini kutafuta maarifa. Kaloleni kuna mzee mmoja mwenye studio ya picha za paspoti; familia yake ilitoka pwani zamani, na marehemu baba yake alikuwa mpiga picha vile vile. Nilipoiweka kamera mezani alicheka mpaka kofia ikasogea.

"Mwanangu, hii sijaiona tangu watoto wangu wanasoma. Mtambo wa kusafishia nilishauza chuma chakavu."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Nani kasema haiwezekani? Ukimaliza, niletee. Nairobi yupo mtu anasafisha bado. Tutamtumia kwa basi."

Halafu akaniuliza nyumba yetu iko upande gani wa mlima. Nikamwambia magharibi. Akatikisa kichwa. Akanieleza jambo ambalo nimelitazama maisha yangu yote bila kuliona: huko kwetu jua linachomoza nyuma ya Meru. Asubuhi mlima ukiwa wazi, mwanga unatoka nyuma, na mtu aliyesimama mbele yake anatoka mweusi kama sufuria. Jioni mwanga unampiga usoni vizuri sana, lakini jioni hiyo mlima umeshafunikwa. "Unataka vyote viwili," akasema, "basi piga asubuhi na uwashe flashi, mchana kweupe. Bonyeza hiki kitufe cha mbele, subiri taa nyekundu iwake, ndipo upige. Na usisimame mbali, hatua tatu tu." Alinirudisha mlangoni mara mbili kunikumbusha hatua tatu.

Nikaanza kupanda Ijumaa baada ya kazi, nilale huko, niamke kabla ya jua. Meneja akanuna, nikamwambia anune. Wiki ya kwanza, mawingu. Wiki ya pili mlima ulitoka mweupe peee, sina hamu ya kukumbuka. Nilimwamsha baba, wifi yangu akamletea maji ya moto, akanawa, akajipaka mafuta, akavaa shati, akavua, akataka lile jingine, akafunga tai, tai ikawa fupi, akafungua. Ninaruka ruka uani kama mtu aliyekanyaga siafu. "Baba, unafunga!" "Nani anafunga?" "Mlima!" "Ulikuwepo kabla sijazaliwa, utasubiri." Haukusubiri. Alipotoka nje na koti lake, kimebaki kilele tu, na alipofika penye majani, hata hicho hakuna. Akanitazama kana kwamba nimeuficha mimi.

Kamera yenyewe, tangu niirudishe kutoka Kaloleni, haikuwa ikishuka na mimi tena. Baba alikataa. "Picha yangu imo humo," alisema, "basi italala kwangu." Nikaona haina neno, kwanza watoto wangu nyumbani wangeimaliza kwa siku moja. Nikamkabidhi wifi, mke wa kaka yangu, anayeishi na baba na kumtunza. Mwanamke mchapakazi, na akikuahidi kitu amekuahidi. Nikamwambia aitunze kama roho yake. Akaitunza.

Ijumaa ya nne nikamwomba anionyeshe kamera, nihakikishe tu. Akaingia jikoni, akapanda kigoda, akapeleka mkono juu kwenye dari la fito lililo juu ya mafiga, kule kunakofukizwa mbegu za mahindi za msimu ujao. Moto unawaka chini asubuhi, mchana na jioni. Kule juu kila kitu kimekuwa cheusi na kinang'aa kwa moshi. Akatoa kamera yangu katikati ya mahindi, akaifuta kwa khanga, akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto. Karatasi yake ya rangi ilikuwa imeshajikunja pembeni.

"Wifi! Umeipika!"

"Nimeipika vipi? Nimeitunza!"

"Juu ya moto?"

"Sasa ningeiweka wapi? Panya hafiki, mdudu hafiki, mwizi hafiki. Mbegu inakaa miezi sita na inaota. Wewe uliniambia niitunze kama roho yangu, na roho ya nyumba hii iko pale juu."

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mwanamke anayemwogeshea baba yake miguu kila jioni. Nilimwambia amechoma picha ya mazishi ya baba mkwe wake. Alisimama pale na pindo la khanga mkononi, machozi yakamtoka, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi hakuna aliyeniambia kwamba inaogopa moto." Na ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa nimeambiwa kuhusu jua, flashi na hatua tatu, na sikumwambia mtu chochote. Nikamwomba radhi, lakini hasira haikuisha papo hapo; nilikwenda nikapasua kuni mpaka giza likaingia.

Baba alisikia yote kutoka ndani. Nilipoingia akauliza, "Imekufa?"

"Sijui, baba."

"Ng'ombe akianguka shimoni unaondoka, au unamtoa kwanza ndiyo ujue kama amekufa?"

"Namtoa kwanza."

"Basi kesho unapiga."

Asubuhi ile Mungu alitusaidia. Mlima ulitoka wote, ukingo wake unang'aa kwa jua lililo nyuma, na wifi, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshamvalisha baba tangu alfajiri, tai, koti, kila kitu, amemkalisha kwenye kiti uani akiwa na blanketi mabegani. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Pumzi ilikuwa inamtoka kwa tabu, naisikia toka nilipo. Nikamwambia, baba, pigwa picha ukiwa umekaa, hakuna atakayekucheka. Akamshika wifi bega, akainuka, akampa fimbo, halafu akaliachia na lile bega. Akabaki peke yake.

Nikahesabu hatua tatu. Nikabonyeza kitufe cha mbele. Taa haikuwaka. Nikabonyeza tena kwa nguvu, nikawa naomba kimoyomoyo, na baba amesimama, magoti yanatetemeka ndani ya suruali. Kitaa chekundu kikawaka, kimefifia kidogo. Nikapiga. Nikazungusha gurudumu, likakwama, nikalilazimisha mpaka kidole kikachubuka. Nikapiga ya pili. "Bado?" akauliza bila kusogeza midomo. "Bado moja, baba, vumilia." Iliyobaki baada ya hiyo nilitaka iwe akiba, lakini nilipomaliza ya tatu na kuzungusha gurudumu nikamwona anaanza kuyumba, nikaitupa kamera majanini nikamwahi. Wifi alinitangulia. Tulimshika huku na huku, tukamrudisha kitini, na kamera kule ilikoangukia ikajipiga yenyewe ile ya mwisho, majani matupu. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Jumatatu, mzee wa Kaloleni aliipokea kamera, akainusa.

"Hii inanuka moshi."

Nikamweleza kuhusu mahindi. Sikuficha kitu. Nilitegemea anicheke tena, lakini safari hii hakucheka. Alisema mkanda ukipata joto rangi zinaharibika na picha zinaota ukungu, na kwamba nisitarajie mengi. Aliifunga kwenye bahasha nene, akaandika kwa kalamu ya wino mzito MSIFUNGUE, akanisindikiza mpaka kwenye basi la Nairobi, akamwambia utingo kwamba humo kuna mzee wa watu. Utingo akaiweka mbele, karibu na kioo. "Toa hapo juani!" nikapiga kelele, abiria wote wakageuka. Wacha wageuke. Sikuondoka mpaka nilipoiona ndani ya droo.

Siku kumi na mbili zile sikuwa mtu wa kuzungumza naye. Kila jioni nampigia wifi, namuuliza kuhusu miguu. Uvimbe umepanda mpaka magotini. Hali chakula. Leo amekula. Leo hakutoka nje. Nilikuwa nashindana na kitu nisichokiona, na sikuwa tayari kushindwa mara ya pili. Nilimwambia mzee wa studio picha zikifika hata nikiwa nafua mashuka anipigie, nitakuja na povu mikononi. Alinipigia nikiwa nafua mashuka.

Alizipanga mezani. Picha za yule mgeni zilikuwa maajabu: tembo wekundu, twiga wa zambarau, ziwa lenye rangi ya chai. Za baba zilikuwa mwishoni. Ukiacha ile ya mgongo, ya kwanza alikuwa amefumba macho. Ya pili ilikuwa na doa la moto katikati, kifua kizima hakipo. Ya tatu nikaishika kwa ncha za vidole.

Mlima haukuwepo. Nyuma yake kulikuwa na weupe mtupu, na picha nzima ilikuwa imegeuka rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua. Lakini baba alikuwepo. Amesimama wima, bila fimbo, koti limefungwa vifungo vyote, na uso unaonekana mpaka mikunjo ya machoni. Ilikuwa inafanana na picha ya zamani sana, ya enzi ambazo kwetu hapakuwa na picha. Mzee akaitazama juu ya miwani yake. "Mwambie," akasema, "studio nzima isingeweza."

Nilipanda siku hiyo hiyo. Njia nzima nilikuwa natayarisha utetezi wangu kuhusu mlima, maana sharti ni sharti na namjua yule. Baba alikuwa kwenye kiti cha ndani, miguu juu ya stuli, wifi anamkanda. Nikampa bahasha. Akaitoa picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuzia dirishani. Wifi akaacha kukanda.

"Mlima ulizidiwa na mwanga, baba," nikaanza, "lakini uso..."

"Mmempata wapi?"

"Nani?"

"Baba."

Nikatazamana na wifi. Nilidhani ugonjwa umeshapanda kichwani. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema taratibu, "Baba, huyo ni wewe. Ulisimama pale uani, nikakupiga."

"Najua kwamba ni mimi niliyesimama. Mimi si mwehu." Kidole chake kilikuwa juu ya ule uso wa karatasi, hakiugusi. "Lakini huyu ni baba."

Babu yetu alikufa baba akiwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Hakuna picha yake popote, hata kivuli. Baba alikuwa akitusimulia habari zake, nguvu zake, sauti yake, lakini sikuwahi kumsikia akisema alikuwa na sura gani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Nilikuwa nimeshamsahau," akasema. "Miaka mingi. Nilikuwa naona aibu kuwaambia." Machozi yalikuwa yanamshuka na hayafuti, mtu ambaye sikumwona akilia hata siku ya mama. Halafu akajikohoza, na sauti ile ninayoijua ikarudi. "Hii hamtaiweka mbele ya jeneza langu. Baba alishazikwa, hazikwi mara mbili. Hii inakaa hapa ukutani. Wewe nenda katafute kamera nyingine, uje unipige mimi."

Nikamfikiria yule mgeni, ile miezi ya mawingu, Ijumaa zote zile. Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama miguu, nikamtazama usoni.

"Nitatafuta," nikamwambia. "Lakini na wewe usithubutu kwenda popote kabla sijaipata."

"Niende wapi?" akasema, macho hayajatoka kwenye picha. "Ndiyo kwanza nimempata."